Katharine Hepburn: Staa wa Hollywood aliyecheza filamu iliyotokana na vita vya Liemba

Muulize mzee yeyote wa Gungu kuhusu MV Liemba, atakupa stori yote hata kabla hujakaa vizuri. Wajerumani waliileta ikiwa vipande kwenye maboksi, ikaungwa hapa Kigoma, ikaingia majini 1915 ikiitwa Graf von Götzen, wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaja kuiibua 1924. Hiyo tumekua nayo.

Ambayo wengi hawaijui ni kwamba vita hivyo vya ziwani vilifika hadi Hollywood. Na mwanamke aliyevibeba kwenye skrini alikuwa ameshatangazwa kwamba kazi yake imekwisha, miaka 13 kabla ya kukanyaga Afrika.

Anaitwa Katharine Hepburn. Usimchanganye na Audrey Hepburn, yule wa gauni jeusi na miwani unayemuona kwenye fulana na mikoba. Huyo ni mwingine.

Katharine alizaliwa 12 Mei 1907 mjini Hartford, jimbo la Connecticut, Marekani. Baba alikuwa daktari. Mama alikuwa mwanaharakati wa haki ya wanawake kupiga kura, baadaye akapigania uzazi wa mpango, na alikuwa akienda na binti yake kwenye maandamano. Nyumbani watoto waliruhusiwa kubishana na wakubwa mezani. Binti mwenyewe kuna kipindi alinyoa nywele akataka aitwe Jimmy.

Mwaka 1921, akiwa na miaka 13, yeye na kaka yake Tom walikwenda New York kutembea. Asubuhi moja Katharine alipanda juu kumwamsha, akamkuta amejinyonga. Tom alikuwa na miaka 15. Familia ilisema ilikuwa ajali, mchezo uliokwenda vibaya, na baada ya hapo jambo hilo halikuzungumzwa sana nyumbani. Ila Katharine alifanya kitu chake kimyakimya: aliacha tarehe yake ya kuzaliwa, akachukua ya Tom, 8 Novemba. Akaitumia kwa miongo mingi na dunia nzima ikaamini.

Alimaliza chuo cha Bryn Mawr 1928, akaingia jukwaani, na mwaka huohuo akaolewa na Ludlow Ogden Smith. Ndoa hiyo ilivunjika 1934. Filamu ya kwanza aliicheza 1932, na kwa Morning Glory ya 1933 akachukua Oscar. Kwa haraka hivyo.

Shida ni kwamba hakukaa kama staa wa kike alivyotakiwa kukaa. Hakupenda waandishi wa habari, hakutaka kusaini vitabu vya mashabiki, na alivaa suruali wakati mwanamke mwenye suruali alikuwa habari ya gazeti. Inasimuliwa kwamba studio ya RKO iliwahi kumfichia suruali yake ili avae sketi. Akatembea studio na nguo ya ndani mpaka wakamrudishia.

Filamu zikaanza kuanguka moja baada ya nyingine. Mwaka 1938 wenye majumba ya sinema walitoa tangazo lenye majina ya mastaa waliodai ni sumu kwa mauzo ya tiketi. Jina lake lilikuwemo. Mwaka huohuo alikuwa ametoa Bringing Up Baby, vichekesho vyenye chui ndani yake. Leo inahesabiwa kati ya vichekesho bora vya zama zake. Wakati ule haikuuza.

Hapa ndipo alipoonyesha akili ya biashara. Hakusubiri studio imfukuze: alilipa hela yake mwenyewe ajitoe kwenye mkataba na RKO, akarudi jukwaani na tamthilia ya The Philadelphia Story, ambayo mwandishi Philip Barry aliitunga akimfikiria yeye. Tajiri Howard Hughes, ambaye walikuwa na uhusiano, akamnunulia haki za filamu. Tamthilia ikawa gumzo 1939, studio zikaitaka, na kumbe haki anazo yeye! Aliyeitaka hadithi ilibidi amchukue na mwenye hadithi. MGM wakakubali, filamu ikatoka 1940, ikauza. Aliyeitwa sumu akarudi.

Sasa tuje Afrika.

Mwaka 1935 Mwingereza C. S. Forester alitoa riwaya ya The African Queen, ambayo inatajwa kuwa ilitokana na vita vya Ziwa Tanganyika. Mwongozaji John Huston akaamua kuifanya filamu, na mwaka 1951 Hepburn, mwenye miaka 44, alifika Kongo ya Wabelgiji akiwa na Humphrey Bogart. Kambi ilikuwa porini karibu na mto Ruiki, upande wa Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu. Baadaye wakahamia Uganda, eneo la Butiaba kwenye Ziwa Albert.

Haikuwa safari ya starehe. Siafu walivamia kambi. Mashua yenyewe ilizama, ikabidi ivutwe. Hepburn, ambaye aliwasema sana Huston na Bogart kwa ulevi, alikunywa maji kwa bidii, na maji hayo ndiyo yaliyompa kuhara damu. Walevi wawili na whisky yao wakawa wazima kabisa. Alipokuwa anapiga kinanda kwenye tukio la kanisani, pembeni waliweka ndoo, maana alikuwa anatapika kati ya picha na picha.

Huston aliona anacheza kwa uso uliokunjamana mno. Akamshauri amfikirie Eleanor Roosevelt, mke wa rais, anavyotabasamu akitembelea majeruhi hospitalini. Alilikamata hapohapo, na ndiyo Rose Sayer unayemuona kwenye filamu: mmisionari wa Kiingereza katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, 1914, anayemshawishi nahodha mlevi washuke mto wakalipue meli ya Wajerumani ziwani.

Ukweli wa Kigoma haukuwa hivyo. Waingereza walileta boti mbili, Mimi na Toutou, kupitia Kongo, wakaiteka Kingani na kuizamisha Hedwig von Wissmann. Götzen hawakuigusa. Na filamu inapopigwa, Liemba ilikuwa hai, inabeba abiria na mizigo kwenye ziwa lake, wala hakuna aliyekuja kuipiga picha. Mimi linaloniudhi zaidi ni jingine: vita ni vya kwetu, lakini Mwafrika mwenye jina na maneno ya maana humo ndani utamtafuta sana.

Bogart alipata Oscar kwa filamu hiyo. Hepburn aliteuliwa tu, lakini alifungua mlango ambao waigizaji wa kike wa umri wake walikuwa wanafungiwa: kucheza wanawake wasio vijana, wenye hadithi yao.

Maisha yake ya mapenzi yalikuwa na Spencer Tracy, mwigizaji aliyekuwa na mke na ambaye hakuwahi kumpa talaka. Walicheza pamoja filamu tisa. Ya mwisho, Guess Who's Coming to Dinner, inahusu binti wa Kizungu anayemleta nyumbani mchumba mweusi, Sidney Poitier. Siku 17 baada ya kumaliza kupiga picha, tarehe 10 Juni 1967, Tracy alifariki. Hepburn hakwenda mazikoni kwa kuiheshimu familia. Filamu hiyo ilimpa Oscar ya pili, na alisema hakuwahi kuitazama nzima.

The Lion in Winter ikaleta ya tatu, On Golden Pond ya 1981 ikaleta ya nne. Hakuna mwigizaji mwingine mwenye Oscar nne za uigizaji, na hakwenda kupokea hata moja.

Mwaka 1987 alitoa kitabu kizima kuhusu miezi ile ya Kongo na Uganda. Miaka minne baadaye, akiwa na miaka 84, alitoa kingine cha maisha yake. Humo ndimo alipoandika kwamba alizaliwa 12 Mei, na kwamba ile 8 Novemba ilikuwa ya Tom. Alifariki nyumbani kwake Connecticut, 29 Juni 2003, akiwa na miaka 96.