Sokoine na Swali la Nguvu ya Dola

Sisi tunaoishi Morogoro tunalitaja jina la Sokoine mara nyingi, kwa sababu ya Chuo Kikuu cha Kilimo kilicho chini ya Milima ya Uluguru. Wengi tunajua pia kwamba alifia katika mkoa wetu. Tunachosahau ni swali zito ambalo maisha yake yametuachia: je, dola ikitumia nguvu kwa nia njema, nia hiyo peke yake inatosha kuihalalisha?

Edward Moringe Sokoine alizaliwa Monduli tarehe 1 Agosti 1938, katika jamii ya Wamasai. Alisoma Monduli na Umbwe, akajiunga na TANU mwaka 1961, kisha akaenda Ujerumani kusomea utawala. Mwaka 1965 alichaguliwa kuwa mbunge, na mwaka 1972 akawa Waziri wa Ulinzi.

Februari 1977 Mwalimu Nyerere alimteua kuwa Waziri Mkuu. Wiki chache kabla ya hapo, Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alikuwa amejiuzulu. Watu waliokamatwa katika msako wa kukomesha mauaji yaliyohusishwa na uchawi, huko Mwanza na Shinyanga, walikuwa wameteswa na baadhi yao kufa mikononi mwa dola. Mwinyi mwenyewe hakumgusa mtu, lakini aliwajibika. Lengo la msako lilikuwa jema, ila hakuna sheria iliyoruhusu mateso yale.

Sokoine aliacha uwaziri mkuu mwaka 1980 kwa sababu za kiafya, akarudishwa Februari 1983. Nchi ilikuwa hoi baada ya vita vya Kagera, na sukari na sabuni zilikuwa adimu madukani. Mwishoni mwa Machi alianza vita dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi. Watu wengi walikamatwa nchi nzima, nyumba zikapekuliwa, na wengine wakatupa bidhaa zao usiku kwa hofu. Wananchi wengi walishangilia.

Lakini watu walikamatwa kwanza, sheria ikafuata. Bunge lilipitisha sheria maalumu baadaye, ikapewa nguvu ya kurudi nyuma ili kuhalalisha yaliyokwisha kutendeka. Kesi zikapelekwa kwenye baraza maalumu ambako mshtakiwa hakuruhusiwa kuwa na wakili.

Sisi tunaosoma falsafa tunakutana hapa na Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Yeye hufundisha kwamba sheria ni agizo la akili kwa ajili ya manufaa ya wote, linalotolewa na mwenye dhamana ya jumuiya, na kutangazwa. Manufaa ya wote Sokoine alikuwa nayo moyoni, na dhamana alikuwa nayo. Kilichokosekana ni kutangazwa. Mtu hawezi kutii sheria ambayo bado haijatungwa, na askari anayemkamata leo kwa sheria ya kesho anategemea nguvu tu.

Tarehe 12 Aprili 1984, akitoka bungeni Dodoma kuelekea Dar es Salaam, Sokoine alifariki katika ajali ya gari eneo la Dakawa. Alikuwa na umri wa miaka 45. Mwaka huohuo sheria ile ilibadilishwa, kesi za uhujumu zikarudi Mahakama Kuu na mawakili wakaruhusiwa. Haki za msingi nazo ziliingizwa katika Katiba, na ibara ya 13 inakataza kumwadhibu mtu kwa tendo ambalo halikuwa kosa alipolitenda. Mwaka 1985 Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai iliagiza kwamba nguvu inayotumika kumkamata mtu isizidi ile inayohitajika.

Hatusemi haya kumhukumu marehemu. Uadilifu wake haupingwi na wengi, na ndiyo maana mfano wake unatufaa. Ikiwa hata mkono wa mtu mwadilifu unahitaji kutanguliwa na sheria, si zaidi mkono wa wasio kama yeye? Nasi parokiani, tunaposhangilia mwizi anapopigwa na askari au na wananchi, tukumbuke kwamba kuchukiwa na watu hakumwondolei mtu haki yake.

Tunapomwombea Sokoine, tuwaombee pia waliokamatwa bila hatia, na askari wetu, ili wajue mpaka wa nguvu zao.