Adrian Atiman, Mganga wa Karema

Twataka kuwasimulia habari za mtu ambaye hakuwa padre wala bruda. Alikuwa na mke, alikuwa na nyumba yake kijijini, naye alimfuata Bwana wetu Yesu Kristu tangu ujana wake hata siku ya kufa. Hakuwa mtu wa bonde letu la Kilombero. Aliishi mbali, katika pwani ya Ziwa Tanganyika. Lakini twamleta mbele yenu kwa sababu hapa kwetu Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, husikika mara nyingi maneno haya: kwamba kumfuata Yesu kweli kweli ni kazi ya mapadre na masista, na kwamba mwenye shamba la mpunga, na mke, na watoto wa kuvikwa na kusomeshwa, yamtosha kusali siku ya Jumapili. Basi na tumtazame Adrian Atiman.

Alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na mto Niger, si mbali na mji wa Timbuktu, katika nchi ambayo leo huitwa Mali. Angali mtoto mdogo aliibwa na wafanya biashara ya watumwa, akatengwa na baba yake na mama yake, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara kwenda kaskazini. Mzazi yeyote anayesoma habari hizi anaweza kufikiri mwenyewe kilio kilichobaki katika nyumba ile.

Huko Aljeria, mwaka 1876, Wamisionari wa Afrika, ambao watu huwaita Mapadre Weupe, walimkomboa kwa fedha. Shirika lao lilikuwa bado changa. Lilianzishwa mwaka 1868 na Askofu Mkuu wa Aljeri, Charles Lavigerie, ambaye baadaye alifanywa Kardinali. Wako watu wanaouliza kama kutoa fedha kwa muuza watu, hata kwa nia ya kukomboa, si kumtia nguvu aende akaibe mwingine. Swali hilo ni la haki, wala hatulikatai. Lakini kwa mtoto aliyesimama sokoni siku ile, mkombozi ni mkombozi.

Lavigerie alikuwa na shauri ambalo wengi wa wakati wake hawakulifikiria. Aliona ya kuwa Waafrika wataihubiri Injili barani mwao kuliko Wazungu, na ya kuwa mganga hupokewa hata pale ambapo mhubiri angefukuzwa. Kwa hiyo mwaka 1881 alifungua nyumba katika kisiwa cha Malta, akawapeleka vijana waliokombolewa wasome uganga wa Kizungu, wakisha warudi kuwa waganga na makatekista pamoja. Tena alitaka wasiishi Kizungu katikati ya watu wao, bali wakae, kwa kadiri iwezekanavyo, kama Waafrika wengine wakaavyo. Atiman alikuwa mmoja wa vijana hao. Alibatizwa, akapewa jina la Adrian, akamaliza masomo yake, na mwaka 1888 akatumwa Afrika ya Mashariki.

Angalieni njia hiyo. Mtoto alichukuliwa Afrika ya Magharibi kwa nguvu. Sasa amekuwa kijana, anakwenda kwa hiari katika nchi asiyoijua, kwa watu ambao lugha yao hakuzaliwa nayo. Mwaka ule ule watu wa pwani yetu, wakiongozwa na Abushiri, waliinuka kupigana na Wajerumani, na njia za bara hazikuwa na amani. Wasafiri walikwenda kwa miguu pamoja na wapagazi, mwendo wa miezi. Mwaka 1889 Atiman akafika Karema.

Karema ilikuwa ngome iliyojengwa mwaka 1879 na Kapteni Cambier, Mbelgiji, nayo ilikuwa imetiwa mikononi mwa Mapadre Weupe mwaka 1885. Siku zile biashara ya watumwa ilikuwa haijakoma katika Ziwa. Ng'ambo, upande wa Kongo, Kapteni Joubert alikuwa akiwazuia wateka watu kwa bunduki, na waliokimbia walipata kwake pa kujificha. Kama kulikuwa na mtu mwenye sababu ya kushika bunduki juu ya wateka watu, alikuwa Atiman. Yeye alishika dawa na kisu cha mganga. Hatusemi haya ili kumlaumu Joubert, aliyeokoa roho za watu wengi. Twasema tu ya kuwa Atiman alipewa njia nyingine, akaishika.

Alioa huko huko, akamwoa Agnes Wansabira, binti wa mtawala wa Wabende. Kwa ndoa hiyo mgeni akawa mkwe, na mkwe akawa mtu wa nyumbani.

Wengi wanaosimulia maisha ya Atiman huchukua muda mrefu kueleza habari za jangwa, na ukombozi, na Malta. Kisha miaka ya Karema huipita kwa maneno machache. Sisi twaona wamekosea. Miaka ya Karema ilikuwa 67. Yote mengine ni mlango tu. Nyumba ni hii.

Magonjwa ya pwani ya Ziwa yalikuwa mengi: homa, ndui, vidonda visivyopona, na baadaye malale, ugonjwa uliomaliza vijiji. Mganga alikuwa yeye. Asubuhi wagonjwa huja. Jeraha lioshwe, lifungwe, na kesho lifunguliwe na kuoshwa tena. Na mganga huyo huyo ndiye katekista, mwenye kufundisha sala na kumtayarisha mtu kwa ubatizo au kwa kufa vema. Kazi ya namna hii haina shangwe. Anayejua ni mwalimu aliyefundisha a-e-i-o-u kwa watoto wa mwaka huu, na mwaka ujao anaanza tena na wengine. Anayejua ni mama mwenye mgonjwa wa siku nyingi nyumbani, na wale wahudumu wanaokesha katika hospitali ya Mtakatifu Fransisko pale Ifakara.

Hapo ndipo twaona alivyomfuata Bwana. Tukisema kumfuata Yesu, mawazo yetu hukimbilia miujiza na mahubiri ya miaka mitatu. Lakini kabla ya hiyo mitatu kulikuwa na thelathini hivi, na katika hiyo Yesu alikuwa mtu wa Nazareti, fundi seremala, aliyewatii wazazi wake na kula jasho la mikono yake, wala majirani hawakuona kwake jambo la kusimulia. Mwana wa Mungu hakuihesabu miaka hiyo kuwa imepotea. Na hata alipoanza kuhubiri, hakuona haya kumgusa mwenye ukoma, wala kuinama chini awaoshe wanafunzi wake miguu.

Tena kuna ule mfano wa mtu aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi katika njia ya Yeriko. Sisi sote hupenda kujiweka mahali pa Msamaria. Atiman alikuwa kwanza yule aliyelala njiani, kisha ndipo akawa Msamaria. Akawatia mafuta wengine katika jeraha ambazo yeye mwenyewe alizijua.

Serikali zilibadilika juu yake. Wajerumani walitawala, vita ya mwaka 1914 ikaja, Wabelgiji wakapita, Waingereza wakashika Tanganyika; dawa za Karema zikaendelea kutolewa na mtu yule yule. Mwanawe Joseph akaitwa kwenye upadre, akapewa daraja takatifu mwaka 1923. Fikirini Agnes na Adrian siku ile kanisani: baba aliyekuwa bidhaa sokoni apokea baraka ya kwanza kutoka mikono ya mwanawe.

Uzeeni alipewa nishani za heshima, akaandika pia habari za maisha yake, ndiyo sababu twaweza kuzijua. Nishani hazikumwondoa Karema. Alifariki huko mwaka 1956, umri wake ukiwa yapata miaka tisini, katikati ya watu ambao wengi wao aliwatibu wao, na baba zao, na babu zao. Huko Sumbawanga iko hospitali yenye jina lake.