Henry Ford na Lengo Lililozeeka

Kila mwanzo wa muhula na wa mwaka wa fedha, malengo hubandikwa katika kuta za vyumba vya walimu na za ofisi za biashara. Aghalabu yameandikwa na mtu mmoja, na wale wanaotarajiwa kuyatimiza huyasoma kama wasomavyo tangazo la mnada. Ndiposa nimeona heri leo nimzungumzie Henry Ford, Mmarekani aliyefariki mwaka 1947, kwani simjui mwenye kiwanda aliyenufaika na lengo kumshinda, wala aliyeponzwa nalo kumshinda.

Alizaliwa mwaka 1863 katika shamba karibu na Dearborn, jimboni Michigan. Kilimo hakikumvutia, akiwa na umri wa miaka 16 alielekea Detroit kujifunza ufundi wa mitambo. Kampuni yake ya kwanza, iliyoundwa mwaka 1899, ilivunjwa upesi. Ya pili aliihama mwaka 1902 baada ya kukosana na wenye mtaji. Wengi huyasimulia hayo kama kisa cha ustahimilivu. Mimi naona jingine: wenye mtaji walitaka magari ya kuuza haraka, ilhali fikira za fundi wao zilikuwa katika magari ya mashindano. Fahali wawili hao walikuwa katika zizi moja.

Hata katika Ford Motor, iliyoanzishwa mwaka 1903, mbia wake Alexander Malcomson alipendelea magari ghali ya matajiri. Mvutano ulikoma mwaka 1906, Malcomson alipouza hisa zake. Tangu hapo lengo likawa moja: gari imara na jepesi ambalo mkulima wa kawaida angeweza kulimudu. Gari hilo, Model T, lilitoka mwaka 1908 kwa bei ya dola 850 hivi.

Uzuri wa lengo hilo ni kwamba lilipimika. Kila fundi aliweza kujiuliza kama kazi yake ya leo imeishusha bei hata kwa senti chache. Mwaka 1913, katika kiwanda cha Highland Park, wahandisi walianza kuivuta fremu ya gari mbele ya wafanyakazi badala ya wafanyakazi kuizunguka. Kuunganisha fremu moja kulikuwa kukichukua takriban saa 12 na nusu; mwaka uliofuata kulichukua dakika 93. Kufikia mwaka 1925 Model T ya bei nafuu kabisa iliuzwa kwa dola 260.

Hata hivyo, kukaza nati ile ile mchana kutwa kulimchosha binadamu. Mwaka 1913 Ford alilazimika kuajiri watu zaidi ya 50,000 ili abaki na wafanyakazi 14,000 hivi, maana walikuwa wakihama makundi kwa makundi. Januari 1914 akatangaza ujira wa hadi dola 5 kwa siku ya saa 8, zaidi ya maradufu ya ujira wa awali. Ukarimu huo ulikuwa na masharti: wakaguzi walibisha hodi majumbani kuchunguza mienendo ya wafanyakazi. Wala simtakasi Ford. Chuki aliyoieneza dhidi ya Wayahudi katika gazeti lake miaka ya 1920 ni doa lisilofutika.

Katika miaka hiyo hiyo lengo lake lilizeeka. Barabara zilikuwa bora, na wanunuzi walitaka rangi, starehe na mkopo, mambo ambayo General Motors iliwapa. Mwanawe, Edsel, aliyekuwa rais wa kampuni tangu mwaka 1919, aliliona hilo lakini hakuwa na usemi mbele ya baba. Januari 1926 Ernest Kanzler, mmoja wa wakuu wa kampuni, alimwandikia mzee waraka mrefu wa kumtahadharisha kwa heshima kuwa Model T peke yake haitoshi. Kabla ya mwaka kwisha, Kanzler alikuwa amefutwa kazi.

Mei 1927, baada ya magari zaidi ya milioni 15, Ford alikubali yaliyokuwa yameandikwa katika waraka ule na kusimamisha utengenezaji wa Model T. Gari jipya halikuwa tayari. Maelfu ya wafanyakazi wa Detroit walikaa miezi kadhaa bila ujira, wakiisubiri Model A, ambayo ilitoka Desemba.