Az-Zahrawi na Rovu la Shingo

Bwana Abul-Qasim az-Zahrawi alizaliwa mwaka 936 karibu na Cordoba, Hispania, akafariki mwaka 1013. Katika kitabu chake At-Tasrif, chenye juzuu 30, alilieleza rovu, akaliita tembo wa koo. Aliwaonya matabibu wasilipasue kwa pupa: walidunge kwanza kwa chuma chembamba wajue ndani mna nini, na likishikamana na mishipa ya damu waliache.

Miaka elfu imepita. Nakuru na nyanda za juu za Bonde la Ufa, ambako rovu lilijulikana sana kabla ya chumvi kutiwa iodini, uvimbe wa shingo huchunguzwa kwa sindano. Wataalamu nao wanatafuta protini zitakazobainisha saratani kabla ya kisu. Wosia ni ule ule: jua, ndipo upasue. Mwenyezi Mungu amrehemu.