Maisha ya Mary Ainsworth na Funzo Lake kwa Mwalimu wa Darasa la Awali

Kila Januari madarasa ya awali ya Kariakoo hupokea watoto wa namna mbili. Yuko aliaye mlangoni akiing'ang'ania kanga ya mama yake. Na yuko aingiaye kimya, akaketi alipoelekezwa bila kugeuka nyuma. Mwalimu mgeni wa kazi huandika upesi kwamba wa kwanza hajawa tayari kwa shule, na wa pili yu tayari. Baadhi ya wanachuo wetu wamerudi kutoka mazoezi ya kufundisha na karatasi zilizojazwa hivyo. Ili tuipime hukumu hiyo, yafaa tuyatazame maisha ya Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyejifunza jambo hili kwa majirani zetu wa Uganda.

Mary alizaliwa tarehe 1 Desemba 1913 katika jimbo la Ohio, Marekani, akalelewa Toronto, Kanada. Katika Chuo Kikuu cha Toronto mwalimu wake, William Blatz, alifundisha kuwa mtoto ajionaye salama kwa wazazi wake ndiye athubutuye kutoka na kujifunza mambo mapya. Mary alipata shahada ya udaktari mwaka 1939. Mwaka 1942 aliingia kikosi cha wanawake cha jeshi la Kanada, akashughulika na uteuzi wa askari kwa kazi ziwafaazo, hata akafikia cheo cha meja. Hivyo alizijua vyema karatasi za majaribio na maksi zake.

Mwaka 1950 aliolewa na Leonard Ainsworth, wakahamia London. Huko alifanya kazi pamoja na daktari John Bowlby, aliyechunguza madhara yawapatayo watoto watengwapo na mama zao. Mwaka 1954 Leonard alipata kazi Kampala, naye Mary akafuatana naye.

Alikusudia kuchunguza jinsi watoto wa Baganda waachishwavyo ziwa. Akiwa na mkalimani, alizitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala kwa miezi kadhaa, kila baada ya majuma mawili hivi, akikaa takriban saa mbili kila mara. Alimwona mtoto akitambaa mbali, akageuka kumtazama mama, kisha akaendelea na safari yake. Kati ya watoto 28, aliona 16 wenye imani thabiti kwa mama zao, 7 wenye mashaka, na 5 ambao walikuwa hawajajenga bado uhusiano huo. Tena aliona kwamba wenye imani thabiti walikuwa hasa wale ambao mama zao waliweza kueleza kwa kinaganaga tabia za mtoto. Matokeo hayo aliyachapisha katika kitabu mwaka 1967.

Baadaye, huko Baltimore, Marekani, alizifuata familia nyingine 26, na ndipo alipotunga kipimo chake. Mtoto wa mwaka mmoja huingizwa pamoja na mama yake katika chumba kigeni chenye vitu vya kuchezea. Mgeni huingia, mama hutoka kidogo, kisha hurudi. Wengi hudhani kipimo hicho hupima kilio. Sivyo. Jambo kuu ni namna mtoto ampokeavyo mama arudipo. Wapo waliolia sana, wakabembelezwa, wakaurudia mchezo. Hao walikuwa salama. Wapo pia walioonekana hawajali, na mama aliporudi wakamkwepa. Wachunguzi waliopima mapigo ya moyo waligundua kuwa hao nao walikuwa na fadhaa, ila hawakuionyesha.

Mary alifariki tarehe 21 Machi 1999 huko Charlottesville, Virginia. Kipimo chake kimesifiwa na pia kukosolewa. Huko Japani, kwa mfano, watoto wasiozoea kuachwa na mama walifadhaika mno, na ikaonekana kuwa kipimo cha mahali pamoja hakihamishwi hivi hivi.

Basi nasi tusikihamishie darasani chombo kilichotungwa kwa watoto wachanga. Tuufuate utaratibu wake: kutazama kwanza, kuandika baadaye. Mtoto wa Kariakoo huenda analelewa na bibi, shangazi na wapangaji wa nyumba moja, wakati mama yu sokoni tangu alfajiri. Tumuulize amleaye kweli, naye atatueleza mengi.

Karatasi yetu iwe na maswali machache. Mtoto akilia, nani humtuliza, na kwa muda gani? Akitulia, huurudia mchezo? Huomba msaada? Huweza kungoja zamu yake? Mwenzake akiumia, hufanya nini? Tujibu kwa kuandika tulichokiona, pamoja na tarehe, kwa siku kadhaa tofauti: asubuhi, michezoni na wakati wa uji. Siku moja haitoshi.

Tena karatasi hiyo isiwe kizuizi mlangoni. Sera ya elimu ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima. Kwa hiyo hatumpimi mtoto ili tumrudishe nyumbani, bali tujue wapi tuanzie kumsaidia. Yule aliyelia Januari huenda ifikapo saa nne ameshasahau na anacheza. Yule aliyenyamaza ndiye atakayetutaka tuketi karibu naye, kesho na kesho kutwa, mpaka atuzoee.