Nyerere: Makerere kwanza, Edinburgh baadaye

Hapa Al Nahda mjukuu wangu kakubaliwa vyuo viwili, Dar es Salaam na Uingereza, na hajui ashike kipi. Nikamsimulia habari za Nyerere. Wengi wetu tuliotoka Unguja tuna letu moyoni juu yake. Hilo leo naliweka kando.

Alizaliwa Butiama 1922, akasoma Tabora, na 1943 akaingia Makerere kusomea ualimu. Siku zile Makerere haikutoa digrii. Akafundisha kwanza shule ya misheni Tabora, ndipo 1949 akaenda Edinburgh, akarudi 1952 na M.A. yake, akafundisha Pugu.

Mjukuu akataka kujua nani alimlipia. Serikali ya kikoloni. Yeye atalipiwa na kiinua mgongo changu, nacho kinatosha Dar es Salaam tu.