John Muafangejo, mchongaji wa Namibia aliyeichapa historia ya watu wake

Novemba 1987, katika kitongoji cha Katutura mjini Windhoek, John Ndevasia Muafangejo alifariki dunia ghafla kwa maradhi ya moyo. Alikuwa na umri wa miaka 44. Nchi yake, iliyokuwa ingali chini ya utawala wa Afrika Kusini kwa jina la Afrika ya Kusini Magharibi, ilipata uhuru Machi 1990, na yeye hakuishi kuiona siku hiyo. Aliacha zaidi ya picha 200 za chapa, nyingi zikiwa zimechongwa kwenye linoliamu, lile tandiko gumu la sakafuni linalouzwa kwa mita madukani.

Ndani ya picha hizo mna maaskofu na wafugaji, harusi na mazishi, vita vya kale na majengo yaliyolipuliwa. Leo Muafangejo huhesabiwa miongoni mwa wachapaji mashuhuri zaidi waliopata kutokea kusini mwa Afrika. Ufundi aliouchagua una sehemu kubwa katika sifa hiyo. Sanaa ya chapa humwezesha mtu asiye na mali kulisema jambo moja mahali pengi kwa wakati mmoja, na Muafangejo aliishi katika nchi ambamo kusema kulikuwa na gharama.

Mtoto wa mpakani

Alizaliwa tarehe 5 Oktoba 1943 katika kijiji cha Etunda lo Nghadi, kusini mwa Angola. Watu wake ni Wakwanyama, tawi la Waovambo, ambao ardhi yao iligawanywa na mpaka uliochorwa na Wareno na Wajerumani. Baba yake alifariki mwaka 1955. Mwaka uliofuata mama yake alivuka mpaka kuelekea kusini na kupata hifadhi katika misheni ya Kianglikana ya Epinga. Kijana alimfuata mwaka 1957, akaanza masomo katika shule za misheni.

Wamisionari waliona kipaji chake. Mwaka 1967 alipelekwa Rorke's Drift, Natal, katika kituo cha sanaa cha Kanisa la Kilutheri kilichoanzishwa na Waswidi wawili, Peder na Ulla Gowenius. Chini ya sheria za ubaguzi wa rangi, hapo palikuwa miongoni mwa mahali pachache sana ambapo Mwafrika aliweza kusomea sanaa rasmi. Azaria Mbatha, aliyemtangulia kituoni, alikuwa amekwisha kuonyesha jinsi visa vya Biblia vinavyoweza kusimuliwa kwa nyeusi na nyeupe na vikabaki vya Kiafrika.

Masomo hayakuwa mepesi kwake. Alikuwa mbali na kwao, miongoni mwa watu wasiozungumza lugha yake, na maradhi ya sonona yalimpata akiwa huko. Upweke huo haukumwacha kabisa. Mwaka 1974 aliuchonga waziwazi katika picha inayomwonyesha mtu mpweke, mojawapo ya kazi zake zinazojulikana zaidi.

Patasi, wino na karatasi

Rorke's Drift wanafunzi walijifunza njia kadhaa za uchapaji. Katika mchoro wa bamba la chuma, msanii hukwaruza mistari, asidi huila mistari hiyo, na wino huingia ndani yake. Muafangejo aliifahamu njia hiyo, lakini moyo wake ulikuwa kwenye linoliamu, ambako mambo huenda kinyume. Mchongaji huondoa kwa patasi ndogo kila mahali panapotakiwa kubaki peupe. Sehemu asizozigusa ndizo zinazobeba wino. Wino mzito hupakwa kwa rola, karatasi hulazwa juu yake, kisha hukandamizwa kwa mtambo au hata kwa mgongo wa kijiko.

Kazi hiyo haina ufutio. Kilichokatwa kimekatwa, na patasi ikiteleza, alama yake itaonekana katika kila nakala. Aidha, picha hutoka imegeuka, kulia kukawa kushoto. Kwa Muafangejo jambo hilo lilikuwa na uzito wa pekee, kwa kuwa alipenda kujaza maneno ndani ya picha zake: majina, tarehe na maelezo ya tukio. Kila herufi ilimlazimu kuichonga kinyumenyume. Herufi zake hazilingani, mistari hupanda na kushuka, na mtazamaji huhisi kwamba anasimuliwa jambo na mtu aliyekuwapo.

Alifanya hivyo hata kwa mambo ya kale. Januari 1879 Wazulu na Waingereza walipigana hapohapo Rorke's Drift, na vita hivyo vimeelezwa mno kutoka upande wa askari wa Uingereza. Muafangejo alivichonga kwa mkono wake, akiujaza uwanja mzima umati wa wapiganaji wa Kizulu.

Mtambo uliolipuliwa

Aliporejea kaskazini alifundisha sanaa katika misheni ya Odibo, karibu kabisa na mpaka wa Angola. Vita vya ukombozi vilikuwa vimeanza Agosti 1966, vikiendeshwa na SWAPO, ambayo baadhi ya wapiganaji wake walipitia kambi ya Kongwa nchini Tanzania. Makanisa yaliyopaza sauti dhidi ya utawala yaliadhibiwa. Mwaka 1972, baada ya mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa mikataba, Askofu Mwanglikana Colin Winter alifukuzwa nchini.

Mwaka 1973 mtambo wa uchapaji wa Kanisa la Kilutheri huko Oniipa, uliochapa gazeti la Omukwetu, ulilipuliwa kwa bomu. Waumini waliujenga upya, ukazinduliwa mwaka 1975. Muafangejo aliiadhimisha siku hiyo kwa picha ya linoliamu, yaani alilitukuza jengo la uchapaji kwa kazi ya uchapaji. Miaka sita baadaye chuo cha Waanglikana cha Odibo, mahali alipokuwa amefundisha, nacho kililipuliwa. Tukio hilo pia alilichonga. Wakati huo alikuwa akiishi Windhoek, alikohamia mwaka 1977.

Kipande kimoja cha linoliamu hutoa nakala nyingi, kila moja ikiwa kazi halisi iliyopewa namba na kutiwa saini na msanii. Kwa hiyo bei yake ni nafuu kuliko ya mchoro wa rangi, na nakala moja ikiharibika nyingine zinabaki. Picha za Muafangejo zilifika katika nyumba za watu na majumba ya sanaa barani Ulaya na Marekani, huku mwenyewe akiendelea kuishi Katutura, kitongoji ambacho Waafrika wa Windhoek walihamishiwa kwa nguvu.

Mwaka 1984, vita vikiwa bado vinaendelea, alichonga watu wawili wamekumbatiana, akaipa picha hiyo jina linalozungumzia matumaini katikati ya shida. Alikuwa amechaguliwa kuwa msanii mgeni wa tamasha la sanaa la Grahamstown la mwaka 1988, lakini mauti yalitangulia.

Baada ya uhuru, kituo cha kufundishia sanaa mjini Windhoek kilipewa jina lake. Linoliamu ina gharama kwa mwanafunzi asiye na kipato, hivyo wachapaji wa Namibia wamejenga mazoea ya kuchonga kadibodi. Huchukua boksi lililokwisha kazi dukani, hulichana tabaka kwa kisu, hulipaka wino na kulichapa. Picha za kadibodi sasa ni alama ya sanaa ya nchi hiyo.